Upande Unaonata

Jumatatu, saa nne na dakika chache asubuhi, Injinia alisema jambo lililomtoka mdomoni kabla halijapita kichwani. Mgeni alikuwa ameuliza swali la kawaida tu, na mkewe alikuwa amesimama palepale, hatua tatu kutoka kwake, brashi mkononi.

Mgeni mwenyewe alikuwa mama mmoja mwenye nyumba ya kulala wageni ya vyumba ishirini, na mtaa mzima ulimwita Mama Gesti. Aliingia kwenye chumba cha mbele, ambacho familia ya Injinia ilikuwa imekigeuza karakana, akachukua sinia la mbao kutoka rafuni. Sinia lilikuwa na picha ya ndege wa bluu juu ya tawi. Akalipitishia kidole, akalikwaruza kwa ukucha, akalipeleka dirishani kwenye mwanga. Ndege hakubanduka wala hakufifia, na manyoya ya mkia yalihesabika moja moja.

"Hii imechorwa?"

"Imechapwa, mama," Injinia alijibu, kifua mbele. "Nachapa picha kwenye karatasi kwa mashine hii hapa, wino wa maji mtupu. Halafu naihamishia kwenye ubao."

"Mbona wengine wakinifanyia inatoka kama imenyeshewa mvua? Siri yako nini?"

"Mashine, mama. Mashine na kichwa." Akajigonga paji la uso kwa kidole.

Mama Gesti akamgeukia yule mwanamke mwenye brashi, ambaye kanga yake ilikuwa imejaa madoa meupe mpaka magotini. "Na huyu dada?"

"Aah, huyu mke wangu. Ananisaidia kusafisha."

Basi, ndilo neno hilo. Mkewe aliiweka brashi kwenye kopo la maji taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akatoka nje.

Mama Gesti aliagiza masinia kumi na mawili ya majaribio, akayafuate Alhamisi saa nne. Yakimpendeza, ataagiza ya vyumba vyote, na namba za milango, na ya gesti nyingine ya dada yake. Kazi ya mwaka mzima. Injinia alimsindikiza mpaka barabarani akirudi kinyumenyume kwa adabu, nusura aangukie mtaro.

Sasa ukweli ni huu, na kila aliyekuwa ndani ya nyumba ile aliujua. Mashine ilikuwa printa ya kawaida ya ofisini, ile inayochapa barua za wanafunzi na vyeti vya kuzaliwa. Ukiitia karatasi tupu, wino wa maji unazama ndani kama chai kwenye mkate, na ukiigandamiza juu ya ubao unaambulia doa. Kinachoushika wino ubaki juu, ukisubiri kuhamia kwenye ubao, ni dawa. Dawa hiyo, ya wanga, chaki iliyotwangwa laini, gundi nyeupe na shabu kidogo, aliibuni mke wa Injinia. Aliipika miezi minne akikosea, akamwaga masufuria yasiyo na idadi, mpaka ikakubali. Tangu hapo aliipika yeye, aliipaka yeye kwenye karatasi kwa brashi pana, upande mmoja, akazianika kwenye kamba, akazikata kwa kipimo. Injinia alibonyeza kitufe.

Na mwanamke huyu hakutaka makubwa. Hakutaka mashine wala kibao mlangoni. Alitaka kitu kimoja tu: siku moja mtu aulize fundi ni nani, na mumewe aseme, ni huyu. Jumatatu mtu aliuliza.

*

Alasiri ile ile nyumba ilianza kunuka sabuni.

Mke wa Injinia alifagia karakana. Akapiga deki. Akafuta rafu, akafuta miguu ya meza, akapanda kwenye stuli akafuta balbu. Kopo la dawa akalisugua mpaka likang'aa, na ndani yake hapakubaki hata tone. Brashi pana akaitundika msumarini, kavu, kama kumbukumbu ya marehemu.

Injinia aliingia akakuta anafuta waya wa printa.

"Mke wangu, unafanya nini?"

Mkewe akamgeukia mama mkwe wake, bibi mmoja mwembamba aliyekuwa amekaa mlangoni akishona vifungo vya sare za shule za wajukuu. "Mama, mwambie mwanao nasafisha."

Bibi akainua macho kutoka kwenye sindano. Akamtazama mkwe, akamtazama mwanawe, wote wawili wakiwa umbali wa mkono mmoja.

"Anasafisha," akasema.

"Nimesikia, mama."

"Mimi nimetumwa, nimefikisha."

Injinia akacheka, kile kicheko cha mtu anayetaka na wengine wacheke. Hakuna aliyemuunga mkono. "Sasa hayo maneno ya kununa yanatoka wapi? Nilisema tu. Ni lugha ya biashara. Mteja anataka kusikia mashine, anataka kusikia utaalamu, nikimwambia uji wa wanga si atakimbia?"

"Mama, mwambie mwanao asogeze mguu, nipige deki."

"Sogeza mguu," Bibi akasema.

Akasogeza.

*

Jumanne asubuhi Injinia alijikaza. Kwani shida iko wapi? Kwenye droo kulikuwa na karatasi ishirini ambazo mkewe alikuwa amekwisha kuzipaka dawa na kuzikata wiki iliyopita. Masinia kumi na mawili, karatasi ishirini, hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza. Nani alisema anahitaji kubembeleza mtu?

Akazitoa, akazipanga, akaanza. Kila kitu alikifanya kama alivyomwona mkewe akifanya siku zote, hatua kwa hatua, kwa sababu hakuwa mjinga na macho alikuwa nayo. Mkewe alikuwa na tabia moja ya ajabu: kabla ya kumpa karatasi aitie kwenye mashine, aliipeleka mdomoni akaibusu kwenye kona. Kila karatasi. Miaka miwili sasa. Injinia hakuwahi kumuuliza. Alidhani ni dua, au mazoea tu, maana kila mtu ana yake. Yeye mwenyewe hakuweza kuanza kazi bila kukunja mikono ya shati mara tatu.

Kwa hiyo akachukua karatasi ya kwanza, akaibusu kona. Mwaa! Akaitia kwenye printa. Ndege akatoka. Akaifunika kwenye sinia lililolowanishwa kidogo, akaisugua kwa mgongo wa kijiko, akabandua. Ndege alikuwa amehamia kwenye ubao mzimamzima, mpaka kucha zake.

"Mnaona!" akaita kuelekea jikoni.

Akafanya la pili, busu, printa, kijiko, ndege. La tatu vilevile. Kichwa kikamvimba. Akaanza kupiga mluzi.

Sinia la nne alipobandua karatasi, mluzi ulikatika. Pale alipotakiwa kuwa ndege palikuwa na kitu cha bluu kilichovuja pande zote, chenye jicho moja tumboni.

Akasema bahati mbaya. Akafanya la tano: ndege safi. La sita: doa. La saba: doa baya kuliko lile la sita. La nane: ndege safi, tena mzuri kuliko wote. Injinia akasimama katikati ya karakana iliyong'aa, akashika kiuno. Mashine ingeharibika, ingeharibu yote. Hii ilikuwa inamchezea shere.

Akaanza kubusu kwa bidii zaidi. Karatasi ya tisa aliibusu mara mbili. Ikatoka doa.

Bibi, mlangoni, alikuwa ameona yote hayo akaendelea na vifungo vyake. "Mwanangu," akasema mwishowe, "hizo karatasi unazichumbia?"

*

Jumatano alikuja fundi wa mashine, jamaa mmoja mnene aliyeitwa Daktari kwa sababu alitembea na mkoba mweusi. Akaifungua printa, akaipuliza, akaitazama kwa tochi, akaifunga. Akachapa picha kwenye karatasi tupu ya daftari. Mistari ilitoka imenyooka.

"Haina ugonjwa," Daktari akasema.

"Itakosaje? Moja inatoka, moja inakataa!"

"Mashine inapuliza wino sawasawa, Injinia. Ugonjwa uko nje ya mashine." Akamtazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. "Wewe siku zote unafanya kazi hii na nani?"

"Peke yangu," Injinia akasema, na masikio yakamwaka moto.

Mkewe alikuwa dirishani akifuta vioo. Aliyasikia hayo ya pili kama alivyoyasikia ya kwanza. Kitambaa kikasimama kwenye kioo kwa muda, halafu kikaendelea.

Alipokwenda nyuma ya nyumba kumwaga maji, Bibi alimfuata. "Mwanangu, kazi ya mwaka hiyo. Watoto wanasoma."

"Najua, mama. Na mimi naitaka, pengine kuliko yeye." Akaiweka ndoo chini. "Lakini imeniuma. Angesema sijui kupika, ningecheka. Angesema mimi mkali, kweli mimi mkali. Ile dawa, mama, ndicho kitu pekee nilichokitengeneza mimi katika maisha yangu, na amekifuta kwa neno moja mbele ya mgeni, nami nimesimama hapo kama ufagio. Nikimpakia dawa zile karatasi leo, nitakuwa wa kusafisha mpaka nizeeke."

Bibi alikuwa amemzaa mwanawe, hakuwa amemtuma aseme vile. Akaichukua ndoo, akamsaidia kumwaga.

Ndani, Injinia alikuwa ameamua kuzipaka dawa karatasi mwenyewe. Akapima wanga kwa kukisia, chaki kwa kukisia, gundi akamimina mpaka roho iliporidhika. Mchanganyiko ulichemka, ukatoa mapovu, ukagandamana na mwiko. Alipojaribu kuuchomoa mwiko, sufuria ikaja nao.

Akabaki amesimama hivyo, sufuria inaning'inia kwenye mwiko kama kengele, mkewe alipoingia. Macho yao yakakutana. Kona ya mdomo wa mkewe ikatikisika, akageuka haraka ukutani akaanza kufuta mahali palipokuwa safi.

"Mama," Injinia akasema kwa sauti ndogo, "mwambie mkweo, chaki ni vijiko vingapi?"

"Mama, mwambie mwanao, mtu wa kusafisha atajulia wapi vijiko?"

Bibi akafungua mdomo kufikisha.

"Nimesikia," Injinia akasema.

Jioni alikuwa na masinia saba mazuri na matano ya kutia aibu, ambayo aliyageuza yakatazama ukuta. Kila doa alilipiga msasa akajaribu tena, likarudi doa jipya. Karatasi kumi na tisa zilikuwa zimekwisha. Droo ilikuwa na moja.

*

Alhamisi, saa nne kamili, Mama Gesti alifika na kijitabu cha oda kwapani. Akaketi kwenye stuli iliyofutwa mpaka rangi ikaanza kutoka.

Akayapokea masinia moja moja. Kwa kila moja alitikisa kichwa akiridhika. Alipofika la saba akanyoosha mkono apewe la nane, na mkono ukabaki hewani.

"Yale kule yameadhibiwa?"

Mama Gesti akainuka mwenyewe, akageuza la kwanza. Akalitazama. Akalipindua juu chini, akalitazama tena.

"Huyu naye ni ndege?"

"Ni ndege, mama."

"Amekanyagwa na lori?"

Bibi akakohoa mlangoni, kikohozi kilichofanana sana na kicheko. Mkewe alikuwa kwenye kizingiti cha jikoni, ufagio mkononi.

"Injinia," Mama Gesti akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ya kazi. "Mimi wageni wangu siwezi kuwaambia vyumba saba vina ndege na vitano vina ajali. Karatasi unayo? Chapa moja hapahapa, niangalie kwa macho yangu. Nikiona unachokifanya nitajua kama ni bahati au ni ufundi."

Injinia akaitoa karatasi ya mwisho. Akakunja mikono ya shati, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaipeleka karatasi mdomoni, akaibusu kona.

"Subiri," Mama Gesti akasema. "Unaibusu?"

"Ndiyo, mama."

"Ya nini?"

Swali dogo, halina hata meno. Sindano ya Bibi ikasimama. Injinia alikuwa na uongo wa kutosha: angeweza kusema ni kupima joto, ni utaalamu, ni siri ya kampuni. Uongo ulikuwa umefika kabisa kwenye ulimi. Akainua macho, akamwona mkewe ameushika ufagio kwa mikono miwili, vidole vimepasuka na kuwa vyeupe kwenye kucha kwa chaki ya miaka miwili, anamtazama. Hakuwa anamtisha. Alikuwa anangoja, kama mtu aliyekwisha kungoja sana na anaweza kungoja mara moja ya mwisho tu.

"Sijui," Injinia akasema.

"Hujui?"

"Sijui, mama. Mke wangu huibusu, nami nimemuiga." Mara maneno yakaanza kumtoka yenyewe, yakisukumana. "Dawa anapika yeye. Anapaka yeye. Karatasi anakata yeye. Lile sinia ulilolipenda Jumatatu ni la kwake. Mimi nabonyeza kitufe. Siku ile nilikudanganya, na jana nikamdanganya fundi wa mashine, na siku zote hizi nimejidanganya mwenyewe. Samahani."

"Kwa hiyo hakuwa anasafisha?"

"Hajawahi, mama. Ameanza Jumatatu, na hiyo ni kunikomesha."

Mke wa Injinia akauegemeza ufagio ukutani. Akaja mpaka mezani akijifuta mikono kwenye kanga, na machoni alikuwa na machozi ambayo aliyaacha hapohapo bila kuyafuta. Akaichukua karatasi kutoka mkononi mwa mumewe.

"Ikikauka, pande zote mbili zinafanana," akamwambia Mama Gesti. "Nyeupe kwa nyeupe. Jicho halioni. Vidole vyangu vimekauka, havisikii. Ila mdomo unasikia. Upande wenye dawa unanata kwenye unyevu, usio na dawa haunati. Ukichapa upande usio na dawa, lori linapita."

"Mbona huweki alama ya penseli?"

"Nilikuwa naweka. Nikaambiwa zinachafua kazi."

Mama Gesti akamtazama Injinia. Injinia akatazama dari, ambayo nayo ilikuwa imefutwa.

"Nilizipanga kwenye droo hovyo tu, bila kuangalia upande," mkewe akaendelea, "maana najua mdomo utazichagua. Yeye anazibusu kama anaaga mtu kituoni. Mwaa, basi. Mama, mwambie mwanao alowanishe mdomo."

"Lowanisha mdomo," Bibi akasema, ameacha kabisa vifungo.

Injinia akalamba mdomo. Mkewe akamgusisha upande mmoja wa karatasi, akaacha. Karatasi ikateleza ikaanguka mkononi mwake. Akaigeuza, akamgusisha upande wa pili, safari hii akaigandamiza kwa kidole gumba, akahesabu mpaka tatu, akaachia.

Karatasi ikabaki. Ilining'inia kwenye mdomo wa chini wa Injinia kama pazia, naye akaikodolea macho mpaka yakakaribia kukutana. Miaka miwili alikuwa ameishi nyumba moja na jambo hili. Bibi akacheka waziwazi sasa, akajipiga paja. Mama Gesti naye mabega yakaanza kutikisika.

"Usiivute kwa nguvu," akasema, "utaacha ngozi hapo."

Akakifungua kijitabu juu ya goti, akatafuta ukurasa mweupe, akachomoa kalamu. "Haya. Masinia ishirini, namba za milango ishirini. Ya dada yangu tutazungumza mwezi ujao. Hapa pa jina la fundi niandike nani?"

Injinia alitaka kusema. Alivuta pumzi kabisa, lakini mdomo ulikuwa umeshikwa. "Mmm," akasema. Basi akainua mkono akamwonyesha mkewe. Akaona haitoshi, akainua na wa pili. Akabaki hivyo, mikono yote miwili mbele, karatasi inapeperuka kwa pumzi zake, mpaka Mama Gesti alipomaliza kuandika na kupiga mstari chini.

"Na wewe baba? Kazi yako hapa ni ipi, niijue?"

Injinia akalowanisha mdomo kwa ulimi, polepole, karatasi ikaachia. Akaiweka mezani upande wa dawa juu, kwa uangalifu ambao hakuwahi kuwa nao. Akayatazama yale masinia matano ukutani. Akachukua kipande cha msasa.

"Mimi?" akasema. "Nasafisha."

"Na kitufe anabonyeza," mkewe akaongeza. "Kitufe anabonyeza vizuri, nisimseme uongo."

Mama Gesti alipoondoka, mke wa Injinia alikwenda msumarini akaishusha brashi pana, akaipiga piga kiganjani ilainike. Sufuria ya jana ilikuwa bado imeng'ang'ania mwiko wake. Akaitazama, akatikisa kichwa, akateka maji.

"Mama," akaanza, "mwambie mwanao..."

Bibi akainua macho, tayari kufikisha. Lakini mkwewe alikuwa amenyamaza. Akageuka, akamtazama mumewe aliyekuwa amechuchumaa sakafuni katikati ya masinia.

"Baba watoto," akamwita mwenyewe, "anza na yule wa lori."